Sauti ya Chini

…na baada ya mahubiri, anauliza Mchungaji, baada ya mahubiri tuweke nini, Mama Jeri, na kalamu yake imesimama juu ya karatasi kama kuku aliyeinua mguu mmoja, na mimi nimemsikia, nimemsikia vizuri kabisa, ila juu ya vichwa vyetu koleo linakwangua bati, krrr, linasimama, krrr, na kila linapokwangua najua ni mkono gani umelishika, maana Hengki Bawole anakwangua kwa pupa kama mtu anayekimbizwa na mvua, na huyu mwingine anavuta taratibu, anavuta majivu mpaka mwisho wa bati, anapumzika, anavuta tena, ndivyo anavyofanya kila kitu, ndivyo anavyobandua basibasi kwenye kungumanga bila kuipasua, ndivyo anavyokunywa kahawa, mume wangu, Demsi, yuko juu ya kanisa, tangu asubuhi yuko juu ya kanisa, ndani haingii lakini juu amepanda, na Mchungaji Selfi hajui, binti wa watu, hata hajamaliza miaka miwili tangu aletwe hapa kisiwani Siau kutoka Tahuna, anamjua kama Baba Jeri anayemsubiri mkewe nje kwenye pikipiki kila Jumapili, mtu mpole, mtu wa kukopesha ngazi, basi… "Mama Jeri," anasema, "uko hapa?" "Nipo, Mchungaji, nafikiri," nasema, na si uongo, wimbo wa kufungua tumeshaupanga, salamu, toba, neno la msamaha, masomo mawili, vyote vimekaa mahali pake kama sahani kabatini, miaka yote hii napanga ibada za kanisa hili mikono inajua yenyewe, usiache nafasi, ndivyo alivyonifundisha marehemu mama aliyeongoza nyimbo kabla yangu, usiache nafasi katikati, mchungaji akifunga Biblia wewe uwe umeshasimama, noti ya kwanza iwe mdomoni, maana ukiacha nafasi watoto watalia, wazee watakohoa, wanawake watakumbuka sufuria walizoacha jikoni, na mimi sijawahi kuacha nafasi, watu wananicheka, wanasema Mama Jeri akifa ataimba mwenyewe wimbo wa kuzikwa kwake ili watu wasichelewe, sijawahi kuacha, hata Jumapili ile ya baada ya mazishi ya mwanangu sikuacha, mpaka Jumapili iliyopita.

Vumbi la majivu linashuka kwenye tundu la bati, linatua juu ya karatasi, Mchungaji analipangusa kwa kiganja, linaacha alama ya kijivu juu ya neno mahubiri, "samahani huko chini," inasema sauti ya Hengki kutoka juu, kisha inageuka, inasema kwa mwenzake lakini kwa nguvu ili nasi tusikie, "Demsi, wewe mwenzetu una mambo, mlango uko wazi miaka yote huutaki, leo unatafuta njia ya kuingilia paani?" na Demsi anasema, "Shika ndoo, Hengki," na Hengki anasema, "Nimeshika, nimeshika, ila ukidumbukia udumbukie upande wa wanakwaya, wana mto," na Mchungaji anacheka, mimi nacheka, na moyo wangu hauko kwenye kicheko, kwa sababu nimesikia alichoacha kusema, Hengki, mtu ambaye mdomo wake hauna mlango, aliyenitania hata kwenye matanga ya mama yangu mzazi, wiki nzima hii ametania mlima uliotumwagia majivu haya, ametania barakoa zetu, amemtania mkuu wa kijiji kwa kukimbia na mto wa kulalia, na lile jambo moja hajaligusa, wala yeye wala mtu mwingine, dukani wamenipa sukari wakaniuliza paa letu likoje, kisimani wakaniuliza kifua changu kikoje, kila mtu aliyezidi miaka thelathini kijijini hapa anaijua sauti ile ya Jumapili iliyopita, zamani ilikuwa ikitikisa mabenchi, na hakuna hata mmoja aliyeniambia, Mama Jeri, tulisikia… wanalipita jambo hili kwa ncha za vidole, kama watu wanaopita mbele ya nyumba yenye mtoto mchanga aliyelala, na hawakukutana wakakubaliana, nani angewaita, kijiji kizima kimenyamaza kwa pamoja na hakuna aliyekiamuru.

Ilikuwa katikati ya mahubiri. Harufu ya kiberiti ilitangulia, lakini harufu hiyo tumeizoea, mlima unakohoa kama babu aliye chumba cha pili, ukikohoa tunasema kaamka, basi, tunaendelea kumenya kungumanga, na Mchungaji alikuwa anaeleza jambo juu ya uvumilivu, nakumbuka, kisha giza likaingia, si kama jioni inavyoingia, jioni inaingia kutoka angani, hili liliingia mlangoni na madirishani kama mtu anayesukuma gunia ndani, taa zikazimika, na juu ya bati kokoto zikaanza kumwagika, kwanza kama mchele, halafu kama mahindi, halafu kama ngumi, watu wakasimama wakimbie na mzee wa zamu mlangoni akapaza sauti, "Kaeni, nje kunanyesha mawe, kaeni mlipo," na waliokuwa nje wakaingia, nikasikia miguu yao, nikasikia wakigonga mabenchi, mlango ukafungwa, na mimi niliyekuwa nimekaa mbele nilikuwa nimeinua mkono mbele ya uso wangu na mkono sikuuona. Mchungaji alikuwa amenyamaza katikati ya sentensi. Nikajua, sasa ni mimi, hapa ndipo mtu anapoanzisha wimbo, nikasimama, nikafungua mdomo, na majivu yakaingia yote, koo likaziba kama limeshindiliwa pamba, nikakohoa, nikajaribu, nikakohoa, hakuna sauti, mimi, Yuspina, sina sauti, na kanisa limejaa watu gizani na hakuna anayeimba wala anayeomba, mawe tu, na nafasi ile niliyoiogopa maisha yangu yote ikafunguka mbele yangu kama shimo, nikaweka mkono kwenye benchi nisianguke ndani yake.

"Wanasema alikuwa malaika," anasema Mchungaji, amechoka kunisubiri, amegeukia kalamu yake, anachora mstari mdogo pembeni mwa karatasi, "wale akina mama wa Jumanne waliniambia, Mchungaji, wewe mgeni huwezi kujua, yule aliyeimba alikuwa malaika, na walipokuwa wanasema hivyo walikuwa wanatazamana," anatabasamu, "mimi nadhani alikuwa mtu," na mimi nasema, "Huenda," na koo langu bado linakwaruza, na juu yetu koleo linavuta, linapumzika.

Maana kwanza hatukujua kama ni wimbo. Ilitoka nyuma, karibu na mlango, chini sana, chini ya mawe, mtoto wa mtu akauliza, "Mama, ni mlima?" na mamaye hakujibu kwa sababu naye hakujua, ngurumo yenye maneno, noti moja iliyoshikwa kwa muda mrefu kama mtu anayevuka mto na mzigo kichwani, halafu ngazi mbili kushuka, halafu ikarudi palepale, na mimi peke yangu nilijua mara moja, nilijua kabla sikio halijajua, ngozi ilijua, nimelala kando ya sauti ile, nimeisikia ikifanya mazoezi jikoni, nimeisikia ikimbembeleza mtoto, ule ni wimbo wa zamani wa wachuma kungumanga, wa lugha yetu ya kisiwani, haumo kitabuni, unaimbwa jioni watu wanaporudi kutoka mashambani na vikapu, na umepangwa hivi, wanawake juu wanaita, wanataja majina ya vijia, majina ya mashamba, nani yuko huko, nani bado, na besi chini inaitika, tupo, tupo hapa, ndiyo kazi yake besi katika wimbo ule, haina kingine, haisimulii, haiombi, inaitika tu, tupo, tupo hapa, na wale wa juu hawakuwepo, hakuna mwanamke aliyekuwa ameita, nilikuwa nimekufa sauti, na Demsi alikuwa anaitika. Peke yake. Tupo, tupo hapa. Anaacha pumzi mbili, kiasi kile kile ambacho wanawake wangekuwa wanaita, anashika tena, tupo hapa, na hakukosea hata mara moja urefu wa ule mwito usiokuwepo, kana kwamba yeye anausikia… Na aliitika mara tatu hivyo au nne ndipo Bibi Nontje, mwanamke mwenye meno mawili na goti bovu, akauweka ule wimbo juu yake, akaita, kwa sauti nyembamba kama uzi, na besi ikaupokea ule uzi, halafu mwingine, halafu benchi zima, halafu kanisa zima, gizani, na mimi nimesimama mbele bila sauti na machozi yanachora mifereji kwenye majivu usoni mwangu, najua mifereji kwa sababu baadaye nilijitazama kwenye kioo cha pikipiki, nikawa kama pundamilia, na yeye akaniona, akanipa leso, akasema, "Panda twende," akawasha.

Hatusemeshani, ndivyo alivyosema Demsi. Zamani ile. Jeri alikuwa kwenye kibanda cha shambani, mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani usiku kucha na asubuhi maji yakashuka na mawe makubwa kama nyumba, yakachukua kibanda, yakachukua miti ya kungumanga, yakachukua mwanangu wa miaka kumi na tisa aliyekuwa anajifunza besi ya baba yake na bado ilikuwa inampasukia kooni, sisi wenyewe tulimpata, mimi na Demsi, sitafikiri hapo, sitafikiri… na kwenye mazishi kwaya ilisimama, Demsi naye akasimama mahali pake, mwisho wa safu ya nyuma, nikamwona akifungua mdomo na kuufunga, akaufungua na kuufunga kama samaki, wimbo ukapita bila sakafu, na Jumapili iliyofuata akanileta mpaka hapa nje, akazima pikipiki, akabaki juu yake. Nikamwuliza, "Huingii?" Akasema, "Nitakusubiri hapa." Nikadhani Jumapili moja. Zikawa mbili, mwezi, mwaka, na siku moja nikamwuliza tena, kwa hasira kidogo, sisemi uongo, una ugomvi gani na Mungu, Demsi, na yeye alikuwa anapaka mnyororo mafuta, akasema bila kuinua uso, "Mimi sina ugomvi naye, Yuspina, ila hatusemeshani," akasema vile vile mtu anavyomsema jirani wa ng'ambo ya ua, nikacheka, mdomo ulicheka wenyewe, na yeye pia akacheka kidogo, na tangu hapo hatukuligusa tena.

Lakini nililigusa kila wiki, hapa hapa, juu ya meza hii. Mchungaji aliyetangulia hakujua, huyu naye hajui, wanadhani napanga ibada kwa ajili ya waumini. Napanga kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa nje juu ya pikipiki. Wimbo wenye besi nzuri nauweka mwanzo kabisa, injini ikiwa ndiyo kwanza imezimwa na hajapata wa kuongea naye. Dirisha la upande wa banda anakosubiri nasema lifunguliwe, kuna joto, hata siku ya mvua nasema kuna joto. Krismasi moja niliweka nyimbo nne mfululizo alizozipenda na kijana wa kwaya akanijia juu, "Mama Jeri, besi hatuna, sasa nyimbo za besi zote hizi tutaziimbia wapi, kwenye ndoo?" na nikamwambia aimbe tu, na ibada ikiisha natoka wa kwanza kumtazama uso, je, kuna kitu, je, kumeguka kitu, na yeye anasema, "Leo mmemaliza mapema," au, "Leo mmechelewa," basi. Miaka. Nimemwita kwa toba, nimemwita kwa sadaka, nimemwita kwa sauti nzuri za watoto wa watu wengine, kila karatasi ya ibada iliyotoka kwenye meza hii ilikuwa jina lake limeandikwa kwa namna nyingine, na hakuitika hata mara moja. Na siku ile niliyokosa sauti, siku hakuna aliyemwita, siku mdomo wangu umejaa majivu, aliitika.

"Ningempata," anasema Mchungaji, na sasa ameinama mbele, macho yake yanang'aa, ni binti mzuri, analipenda kanisa hili, Jumatatu alikuwa anabeba ndoo za majivu na sisi mpaka mikono ikatoka malengelenge, "ningempata ningemweka hapa hapa, baada ya mahubiri, tuzime taa, aanze yeye peke yake vile vile, halafu Bibi Nontje, halafu wote, hebu fikiria, Mama Jeri, watu watalia. Wewe unazijua sauti zote za hapa. Haiwezekani hukuitambua. Ilikuwa ya nani?"

Krrr. Linasimama. Yuko pale juu, mguu wake uko juu ya boriti ile yenye msumari mwekundu, nikinyoosha ufagio naweza kuligonga bati analokanyaga, na jina liko kwenye ulimi wangu, ni la kusema tu, Demsi Lahopang, na Mchungaji ataliandika, litapigwa nakala, litagawiwa mlangoni, besi, Bwana Demsi Lahopang, na je, hicho sicho nilichokitaka, miaka yote hii sicho hicho, jina lake kwenye karatasi ya ibada… na naliona, naona akipewa karatasi pale nje kwenye banda, anaisoma, anaikunja mara nne, anaitia mfukoni. Na atakuja. Hilo ndilo linalonitisha, nikimwomba atakuja, hajawahi kuninyima kitu, atavaa shati la kola, atasimama pale nyuma, taa zitazimwa, na ataimba vizuri, lakini atakuwa ananiitikia mimi.

Na Jumapili iliyopita hakuniitikia mimi. Nilijua palepale, nikiwa gizani nimeshika benchi, nilijua na sikuwa na neno la kulisemea, na wiki nzima sina neno, Jumatatu nilimwosha kichwa uani, mabeseni matatu yalitoka meusi, ameinama, nimeshika kichwa chake kwa mikono yangu miwili, na ningeweza kumwuliza, Demsi, ulisikia nini, na nilifungua mdomo, na yeye akasema, "Maji ya baridi haya," nikamwongezea ya moto. Tukala muhogo na jodari wa moshi. Akanywa kahawa yake. Niliona kwamba amechoka na kwamba ametulia, vyote viwili, kama mtu aliyetoka kuonana na ndugu waliyekosana siku nyingi, ambaye hajawa tayari kusimulia walisema nini, na anayejua kwamba hatasukumwa. Watu wasiosemeshana lazima mmoja aanze. Miaka yote nilidhani atakayeanza ni Demsi, ndiyo maana nilikuwa namsukuma, nenda, kaseme, nenda. Kumbe yeye aliitika tu. Huyo aliyeanza ni nani… nilikuwa pale, sikusikia. Watu mia moja na zaidi tulikuwa mle ndani, tulisikia mawe. Na kuna aliyeita, kwa urefu wa pumzi mbili, akanyamaza apate kujibiwa, akaita tena, juu ya vichwa vyetu sote, katikati ya kelele ile, kwa upole ambao mtu mmoja tu aliusikia, yule aliyekuwa amekaa muda mrefu bila kusema, na huenda ndivyo anavyoita siku zote. Huenda anaita kila Jumapili na mimi nimesimama mbele na noti ya kwanza mdomoni.

Ee Mawu, Mungu wetu. Nimeinamisha kichwa juu ya meza na Mchungaji ananitazama.

"Mama Jeri, unaumwa?"

"Siumwi," nasema. "Ile sauti, Mchungaji, usiitafute."

"Kwa hiyo unaijua."

"Naijua. Lakini haikuja kwa kuandikwa, ukiiandika utapata mtu anayeimba besi tu."

Anaitazama kalamu, ana akili binti huyu, hajitetei, naona jambo linamshukia taratibu usoni, kisha anasema kwa sauti ndogo, karibu ya kitoto, "Sasa baada ya mahubiri tuweke nini?" na mimi nasikia kinywa changu kikisema kitu ambacho yule marehemu mama angenipiga kofi kukisikia, "Tusiweke kitu. Acha wazi."

"Wazi, yaani kimya?"

"Wazi."

"Watakohoa, Mama Jeri. Watasema tumesahau. Watakutazama wewe."

"Wanitazame. Nitakuwa nimekaa."

"Kwa muda gani?" Na hilo silijui, ni mara ya kwanza mtu ananiuliza urefu wa kitu katika ibada na siujui, nasema pumzi mbili, halafu nasema hapana, si mbili, tutangoja, na yeye anauliza, kwa haki kabisa maana ndiye atakayesimama madhabahuni na watu wote wanamtazama, "Na asipoanza mtu yeyote?" na juu yetu koleo limenyamaza, Hengki anaomba maji, mwingine anamwambia ashuke akayachote mwenyewe, na mimi naiona Jumapili ijayo, mwanga umejaa madirishani, watoto wanalia, Bibi Nontje anakohoa, pikipiki iko nje na mtu wake yuko juu yake au hayuko, sijui, kwa mara ya kwanza sijui na sitatega sikio upande huo, na katikati ya yote ile nafasi, pana, ambayo mimi nilidhani ni shimo.

"Asipoanza mtu," nasema, "basi tutakuwa tumesikiliza."

Mchungaji hajaandika bado. Kalamu iko pale pale, juu ya karatasi.